Mwanafunzi wa udaktari alipokuja ofisini kwetu

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi katika ukurasa huu tunaandika makosa ya waajiri. Leo tunaandika kosa letu wenyewe. Si kosa la fedha za chama wala la uchaguzi. Tulimfukuza kijana aliyekuja kutuomba msaada wa masomo yake. Tena tulimfukuza kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa mtu anayefukuzwa kwa adabu hurudi tena na tena bure, akipoteza nauli yake.

Kijana huyo alifika katika ofisi ya tawi letu hapa Jinja asubuhi moja, amebeba bahasha ya kaki. Tulimpa kiti, tukampa chai. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne. Baba yake ni mwenzetu, mtu wa mashine za kusokota nyuzi katika kiwanda cha nguo. Kijana alitoa barua ya chuo yenye mhuri. Akatoa na karatasi ya pili, ya kamati ya chuo inayolinda haki za watu wanaochunguzwa, kuonyesha kwamba maswali yake yamesomwa na kuruhusiwa. Kisha akaeleza shida yake.

"Wazee wangu," alisema, "kila mwanafunzi wa darasa letu anatakiwa afanye uchunguzi wake na kuuandika. Sisi tuko wengi, na maprofesa wenye fedha za uchunguzi ni wachache, na kila mmoja amekwisha pata mwanafunzi wake. Nimegonga milango mingi. Katika maabara moja waliniambia nije, lakini ninunue mwenyewe dawa za kupimia. Mimi hata nauli ya kurudi chuoni naikopa. Lakini swali ninalo, wala sikulitoa kitabuni. Baba akirudi kazini siku ya Jumatatu, jioni yake kifua kinambana, hapumui vizuri. Jumanne anapata nafuu. Tangu nikiwa mtoto ni hivyo. Nataka kujua kama ni baba yangu peke yake, au ni watu wote wa pamba."

Alichoomba kilikuwa kidogo. Alitaka tumtambulishe kwa wafanyakazi wa zamu zote, awaulize maswali machache kwa siri, nje ya lango la kiwanda, na awape kipimo cha kupuliza pumzi. Kipimo hicho alituonyesha. Ni bomba dogo la plastiki lenye namba ubavuni. Unavuta pumzi, unapuliza kwa nguvu, mshale unakwenda mbele, basi. Hakihitaji umeme wala maabara.

Sisi tukaona shaka. Shaka yetu ilikuwa na sababu, na tunaieleza ili mtuelewe. Huko nyuma watu wenye madaftari waliwahi kupita katika kiwanda kimoja wakiuliza nani anaumwa na nini. Miezi michache baadaye kazi zikapunguzwa, na waliosema wanaumwa ndio waliotangulia kutoka. Kwa hiyo tulimtazama kijana yule na kujiuliza nani amemtuma. Hatukumwuliza wazi. Tulimwambia kamati ya tawi itakaa na kulitazama jambo lake. Alikuja tena, tukamwambia kamati haijakaa. Alikuja mara ya tatu, tukamwambia mwenyekiti amesafiri. Mara ya nne hakuja. Tulisikia kwamba aliandika juu ya jambo jingine ili asikose mtihani, akahitimu, akapangiwa kazi katika wilaya ya mbali.

HASARA ILIPOTUFIKIA

Miaka ilipita. Mwenzetu mwingine, aliyefanya kazi muda mrefu katika chumba cha kuchana pamba, aliacha kazi kwa sababu hakuweza tena kupanda ngazi. Alikuja kwetu, nasi tukampeleka kudai haki yake. Uganda tunayo Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000, nayo inatambua kwamba kazi yaweza kumpa mtu ugonjwa, si jeraha tu. Lakini sheria haisikilizi uchungu wa mtu. Inasikiliza karatasi ya daktari.

Daktari alikuwa mtu mwema. Aliuliza kifua kilianza kubana mwaka gani, kilikuwa kibaya siku gani ya juma, kama katika chumba kile kuna wengine wa namna hiyo, na kama pumzi yake iliwahi kupimwa zamani ili ilinganishwe na ya leo. Hatukuwa na jibu lililoandikwa hata moja. Upande wa mwajiri ulisema ni sigara na moshi wa jikoni. Mwenzetu havuti sigara. Lakini neno lake lilikuwa peke yake mezani, na neno lililo peke yake huanguka. Alirudi kijijini na kiinua mgongo chake kidogo, bila fidia.

Siku hiyo, tukitoka, ndipo tulipomkumbuka kijana wa bahasha ya kaki. Maswali ya daktari yalikuwa yale yale aliyotaka kuyauliza yeye.

UGONJWA WA JUMATATU

Sisi tulisoma mpaka darasa la saba, si waganga. Lakini baada ya hasara ile tuliuliza kwa wanaojua, na tunaandika hapa tulivyoelezwa.

Vumbi la pamba huleta ugonjwa wa kifua uitwao bisinosisi. Dalili yake ya kwanza ni siku. Mfanyakazi anapumzika Jumapili. Anaporudi kazini Jumatatu, baada ya saa chache za kazi kifua kinabana kama kimefungwa kamba, na pumzi inakuwa fupi. Jumanne anaona nafuu, anasema ni uchovu. Miaka ikipita, kubana kunaendelea Jumanne, halafu Jumatano, halafu juma zima. Mwisho kifua hakifunguki tena hata mtu akiacha kazi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba picha ya eksirei haionyeshi alama ya pekee ya ugonjwa huu. Mtu anaweza kupigwa picha na kuambiwa mzima. Huko Lancashire, Uingereza, kwenye viwanda vingi vya pamba, daktari Richard Schilling aliwachunguza wafanyakazi katika miaka ya 1950, akaupanga ugonjwa kwa madaraja kufuatana na majibu ya swali jepesi: je, kifua kinakubana siku ya kwanza ya kazi tu, au na siku nyingine pia? Kwa hiyo chombo kikubwa cha kuugundua ni swali lililoulizwa vizuri, na kipimo cha pumzi kabla ya zamu na baada ya zamu, siku ya Jumatatu. Mwanafunzi asiye na fedha aliweza kuifanya kazi hiyo. Sisi ndio tuliomzuia.

WALIOANZA NA VITU VIDOGO

Wapo wanaosema kwamba uchunguzi wa udaktari hauwezekani bila majengo makubwa na mashine za nje. Tunao ushahidi hapa hapa kwetu kwamba sivyo.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakujua ni ugonjwa gani. Muda mfupi baadaye alikuja kuzuru hospitali ya hapa Jinja. Alipotazama nje kwa dirisha, akaona mtoto mwingine amevimba uso vile vile. Mtoto mmoja angeweza kuwa bahati mbaya. Watoto wawili, tena mahali pawili, ni swali. Alianza kufungua madaftari ya wagonjwa ya Mulago, na mwaka 1958 akaandika aliyoyaona. Kisha akapeleka barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama wanauona ugonjwa huo. Fedha alizopewa zilikuwa kidogo sana. Oktoba 1961 alinunua gari lililokwisha tumika, akasafiri na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa daktari wa Kuluva, karibu na Arua, naye alijua kutengeneza magari. Walishuka kusini mpaka Afrika Kusini na kurudi, kwa muda wa wiki kumi, kilometa zipatazo 16,000. Kila hospitali waliuliza swali moja: mnaliona hili, au hamlioni?

Majibu yalionyesha kwamba ugonjwa ule, ambao ni saratani, hukaa penye joto na mvua, kama ilivyo malaria. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala vilisaidia kugunduliwa kwa virusi vilivyotangazwa mwaka 1964, vyenye majina ya Epstein na Barr. Tena saratani hiyo ikawa miongoni mwa zile za kwanza kuonekana zikipona kwa dawa peke yake. Dunia nzima inaujua ugonjwa huo kwa jina la Burkitt. Mwanzo wake ni dirisha la Jinja na stempu za posta.

Kuna habari nyingine, ya madaftari. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897, naye alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa. Mwaka 1964 madaktari walichapisha uchunguzi wa saratani uliotoka katika maandishi ya hospitali hiyo tangu 1897 mpaka 1956. Wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kufa. Karatasi zao ziliendelea kufundisha. Basi kila zahanati yenye daftari la wagonjwa wa nje, hata kama lina madoa ya chai, ni mali. Mwanafunzi mwenye kalamu na subira anaweza kuhesabu humo ni wangapi walikuja na kikohozi, mwezi gani, umri gani, wa kazi gani. Ila hiyo kazi ya mgonjwa mara nyingi haikuandikwa, na hilo peke yake ni jambo la kuandikiwa ripoti.

Na kutoka Uingereza tuchukue mfano mmoja unaotuhusu sisi wa chama. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza waliyoyaona kwa wafanyakazi wa usafiri wa London, watu wapatao 31,000. Walilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Basi ni lile lile, mwajiri yule yule, hewa ile ile. Dereva anakaa kutwa nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi. Madereva ndio waliokuwa wakiugua moyo zaidi. Habari hizo zilitoka katika kumbukumbu za ugonjwa na vifo vya watu walio kazini. Kila mahali penye kazi mbili tofauti chini ya paa moja pana uchunguzi unaongoja mtu wa kuufanya.

MWILI SI MAABARA

Wako vijana ambao, wakikosa njia, hutaka kujitoa wenyewe. Kwao tunasimulia habari ya Peru, katika Amerika ya Kusini, kwa kuwa inawahusu wafanyakazi wa reli.

Katika miaka ya 1870 reli ilijengwa kutoka Lima kupanda milima ya Andes kwenda La Oroya. Homa kali ilizuka katika kambi za wajenzi, wakafa kwa maelfu. Watu wakaiita homa ya Oroya. Katika mabonde hayo hayo kulikuwa na ugonjwa mwingine, wa vinundu vyekundu vya ngozi, ambao haukuua sana. Waganga walibishana kama ni ugonjwa mmoja au ni miwili. Daniel Carrión alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Lima, mzaliwa wa Cerro de Pasco, mji wa machimbo. Wakati ule hapakuwa na njia ya kuviona vijidudu vya ugonjwa huo. Tarehe 27 Agosti 1885, ingawa wenzake walimkataza, alichanjwa mkononi kwa damu ya kinundu cha mgonjwa. Wiki tatu baadaye homa ilimshika. Aliandika dalili zake mwenyewe mpaka mkono uliposhindwa, kisha marafiki zake wakaandika. Alikufa tarehe 5 Oktoba 1885, naye ana umri wa miaka 28. Ilikuwa homa ile ile iliyowaua wajenzi wa reli. Ugonjwa ulikuwa mmoja.

Peru inamheshimu mpaka leo, na siku aliyokufa ndiyo siku ya udaktari katika nchi ile. Sisi pia tunamheshimu. Lakini tunasema wazi kwamba mwanafunzi hapaswi kufa kwa kukosa njia nyingine. Siku hizi pana kamati za kulinda watu wanaochunguzwa, na anayejichunguza mwenyewe naye ni mtu. Kijana asijidunge kitu, asinywe kitu, asiingie penye vumbi au sumu bila kinga ili apate cha kuandika. Wajenzi wale wa reli, kama wangekuwa na chama chenye daftari la wagonjwa wa kila kambi, pengine wangemsaidia kujibu swali lake bila yeye kuingia kaburini.

KWA WANAFUNZI

Kijana wetu, au binti yetu, uliyekosa nafasi kwa wakubwa, sikiliza. Anza na swali moja, si kumi. Swali liwe la kuhesabika: wangapi, lini, wa chumba gani. Mtafute mwalimu mmoja wa kukusimamia, hata kama hana fedha, mradi ana muda wa kusoma unachoandika. Chuo kikikupeleka wilayani kufanya kazi katika kituo cha afya, usihesabu siku za kurudi mjini. Omba ruhusa ufungue madaftari. Ukikosa vitabu, uliza katika maktaba ya chuo habari za Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaoviwezesha vyuo vya nchi maskini kusoma majarida ya udaktari bure au kwa bei ndogo. Wala usianze kuuliza watu maswali kabla kamati ya chuo haijakuruhusu, hata kama mtu huyo ni baba yako.

Tena ukija kwenye chama, tuambie mapema nani anakulipa. Kama hakuna anayekulipa, sema hivyo. Sisi tulishindwa kukuuliza, nawe ungeweza kutusaidia kwa kututangulia.

KWA MATAWI YETU

Baada ya kuliona kosa hili tumekubaliana katika tawi letu mambo manne, nasi tunawaomba wenzetu wayafikirie.

Kwanza, mwanafunzi akija na barua ya chuo na ruhusa ya kamati yake, kamati ya tawi ikae katika muda wa siku saba na kumpa jibu. Kama jibu ni hapana, aambiwe hapana pamoja na sababu, atafute kwingine mapema.

Pili, majina. Karatasi za maswali ziwe na namba, si majina. Orodha ya kuunganisha namba na jina isikae kiwandani, wala isionwe na msimamizi wa kazi, wala na sisi viongozi. Mfanyakazi asiyetaka kuulizwa asiulizwe, wala asichekwe.

Tatu, majibu yarudi. Mwanafunzi ajue tangu siku ya kwanza kwamba atasimama mbele ya mkutano wa wafanyakazi na kueleza alichokiona, kwa lugha tunayoielewa. Hata kama hakuona kitu, aje aseme hakuona kitu. Hatutamwambia aandike tunavyopenda. Karatasi iliyopotoshwa kwa kutufurahisha itaanguka mbele ya daktari wa mwajiri, nasi tutaanguka nayo.

Nne, tuanze daftari letu wenyewe. Kila tawi liwe na daftari la kifua, mgongo, masikio na ngozi, likiandikwa tarehe, chumba cha kazi na miaka ya kazi, na kufungwa kabatini kwa ufunguo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya zetu, lakini hatuwezi kudai kwa kusema tu kwamba watu wanakohoa. Tunatakiwa kusema wangapi, tangu lini, na siku gani.

Tumemwandikia yule kijana, sasa ni daktari, kumwomba radhi. Alijibu kwa ukurasa mmoja. Hakutulaumu. Alieleza tu jinsi maswali ya kifua yanavyopangwa, akayaandika yote kwa mkono wake, na mwisho akauliza kama baba yake bado anafanya kazi katika chumba kile. Ndiyo, bado yupo pale. Jumatatu ijayo atakuwa wa kwanza kupuliza.